Mfasiri wa Picha za Ijumaa

Mambrui nzima, mwanamke aliyejua Kihindi alikuwa mmoja tu: Zuleikha binti Mbaruk, mshoni. Alikiokota Malindi, kwenye duka la Wahindi alikoshona mapazia miaka tisa. Basi Ijumaa alasiri, Mzee Mahadhi akishawasha jenereta na kutia kanda ya picha ya Kihindi kwenye video, wanawake hujaa ukumbini kwake, na Zuleikha huketi kando ya televisheni akifasiri. Picha ikisema maneno kumi, yeye husema ishirini, na wenyewe hufurahi.

Ijumaa moja ya mwaka 1986, Zuleikha aliketi hapo akiwa na lake moyoni. Binti yake, Mwanakheri, alikuwa ameitwa chuo cha ualimu Mombasa, na mwenye kauli nyumbani ni nyanyake, Bi Mwanatumu, mamake Zuleikha. Naye alishasema, "Nitajibu tukirudi kutoka kwenye picha."

Picha yenyewe ilikuwa ya siri: tajiri katiliwa sumu, akaponea chupuchupu, nani kamtilia? Zuleikha aliona mapema inakoelekea. Kila mara yule tajiri mzee akikohoa, humlaumu binti yake aliyekwenda kusoma mjini. Ya Rabi, isiwe yeye!

Ikawa yeye. Binti kapiga magoti, polisi wako mlangoni, na baba anahutubu weee, wajibu wa mtoto kwa wazazi.

"Nani, basi? Mbona umenyamaza?" wanawake wakamhimiza.

"Ni... karani," Zuleikha akasema. "Binti anamwombea msamaha."

"Karani! Si yule aliyeleta chai mara moja tu?" jirani akafoka. "Saa tatu twaumia mgongo, kumbe karani!"

Wote wakacheka, ila Bi Mwanatumu.

"Zuleikha. Yule mzee kasema *beti* mara nne. Na wewe mwenyewe ulitufunza, *beti* ni binti."

Zuleikha akaipa televisheni mgongo, akamtazama.

"Ni binti, Mama."

Walirudi nyumbani. Mlangoni Bi Mwanatumu akavua viatu, akasema, "Picha mbovu. Kusoma na sumu vyahusiana nini? Hata sababu hawakuitoa. Mwanakheri na aende."

Zuleikha akashusha pumzi.

"Lakini barua zake hunisomei wewe. Nitatafuta mwengine asiyenigeuzia maneno."

Zuleikha, aliyemsomea mamake kila barua tangu yuko darasa la tatu, aliviokota vile viatu, akavipanga kando ya mlango.