Niliandika mapigo ya moyo ambayo sikuyasikia

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana Garsen ni ndogo. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, muuguzi katika zahanati moja hapa mjini. Mume wangu anauza magodoro na redio. Siku hizi nikimsikia akimeza chai nataka kutapika. Lakini msimhukumu yeye kwanza, nisikilizeni mpaka mwisho.

Mwaka jana alihamisha duka lake mpaka mkabala na lango la zahanati yetu. Akapanga spika mbili ndefu kunizidi kimo, zimeelekea kwetu. Kuanzia asubuhi ni muziki, na muziki ukinyamaza ni yeye na maikrofoni: "Njooni, njooni, bei ya kutupa!" Vikombe vya dawa vinatetemeka kwenye trei. Walimu wa shule iliyo nyuma yetu wanafundisha kwa kupayuka mpaka sauti zinawakauka. Msimamizi wetu alimwendea, akaonyeshwa kibali. Basi wote wakanigeukia mimi: "Si ni mumeo? Ongea naye." Niliongea. Alicheka. "Mama watoto, hata wagonjwa wanapenda muziki." Kazini nikasema ameahidi kupunguza. Hakuwa ameahidi chochote.

Siku moja ya soko aliletwa mama kijana kutoka upande wa Hewani, mimba yake ya kwanza, uchungu umeshika. Mashine ya kusikilizia moyo wa mtoto ilikuwa imeharibika, tumebaki na kile kifaa cha zamani kilicho kama pembe. Nilikiweka tumboni, nikatega sikio, nikasikia sauti ya mume wangu. Nikahamia upande wa pili. Mume wangu tena, anataja magodoro. Nikamtuma dada anayesafisha wodi akamwombe azime dakika tano tu. Akarudi ameinamisha kichwa.

"Sista, anasema umwambie mwenyewe mkifika nyumbani."

Wodi nzima walisikia. Niliona aibu kuvuka barabara nikagombane na mume wangu mbele ya watu wa soko. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye kadi: moyo wa mtoto, mia moja arobaini, unapiga vizuri. Yule mama akaniuliza, "Yuko sawa?" Nikamwambia yuko sawa.

Kila nusu saa niliandika vivyo hivyo. Alasiri mtoto alitoka kimya, kamba ya kitovu imemzunguka shingo mara mbili. Nilimpulizia pumzi, nikamkanda kifua mpaka msimamizi akanishika mkono. Nje spika zinaendelea. Kama ningejua mapigo ya moyo wake yanashuka, tungeita ambulensi mapema. Huenda angepona, huenda asingepona. Msimamizi alisoma kadi akasema, "Usijilaumu, ulimfuatilia vizuri." Nikaipokea kadi nikaitia kwenye faili.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Alikuwa anafyonza mfupa wa mbuzi. "Mtoto hauawi na muziki," akasema, akapangusa mafuta mdomoni, akauliza kama pilipili imebaki. Tangu hapo namwona mchafu, Admin, mchafu hata akitoka kuoga. Nalala chumba cha watoto. Lakini ile kadi hakuiandika yeye. Naoga mimi pia, nasugua, na bado najichukia.

Wiki iliyopita yule mama alirudi, amenibebea mkungu wa ndizi. Akaketi karibu yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Sista, mimi sikumsikia hata akilia. Wewe peke yako ndiye uliyemsikia akiwa hai. Moyo wake ulikuwa ukipigaje?"

Nikamwambia ulipiga kwa nguvu.

Akatabasamu, machozi yakimtoka. Akanishika mkono, akaubusu. Ndizi zile niliwapa majirani kabla sijafika mlangoni kwangu.

Nikisema ukweli nitafukuzwa kazi, pengine nishtakiwe, na yule mama nitamnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho cha mwanawe. Nikinyamaza, ameshaniambia akishika mimba tena anataka nimhudumie mimi. Na spika bado ziko pale, hivi ninavyoandika zinalia.

Nawauliza hasa nyinyi mliowahi kupoteza mtoto: mngetaka kuambiwa? Nishaurini, niende Hewani nikaseme, au nikae na uongo wangu?