Springi Nne za Nyuma

Mjomba wangu ana gari la kifahari la Kiingereza, la milango minne, refu na la chini, rangi ya kijani iliyokolea. Alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba, na mzungu yule alipoondoka nchini akamwachia. Kwa miaka mingi limekaa chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba yake hapa Lushoto, likitoka Jumapili kwenda kanisani na kurudi.

Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alilipa jina la ng'ombe asiye na maziwa. Kila alipoteremka kutoka kwake Mtae, kijijini juu milimani, kuja kututembelea, alimuuliza, "Mdogo wangu, ng'ombe wako amekamuliwa leo?" Mjomba alicheka kwa adabu, kwa kuwa dada ni dada, kisha akatugeukia sisi wapwa zake na kuanza historia.

Historia hiyo naijua yote. Toleo la kwanza lilitoka mwishoni mwa miaka ya sitini, na waliolibuni walitaka jambo moja kuliko mengine: abiria asiisikie barabara. Magurudumu ya nyuma na vyuma vyake vyote wakavifunga kwenye fremu ya peke yake, wakaitenga na bodi kwa mipira, na kila upande wakaweka springi mbili badala ya moja. Katika toleo la pili bampa ya mbele ilipandishwa na grili ikafupishwa, kwa ajili ya sheria za usalama za Marekani. La tatu ndilo hili la mjomba. Wachoraji wa Kiitaliano waliinua paa kwa nyuma ili abiria warefu wasiguse kichwa, vioo vikaongezwa ukubwa, vitasa vya milango vikalazwa ndani. Yaliyofuata huyasimulia kwa haraka: taa za pembe nne ambazo hakuzipenda, kurudi kwa taa za duara, jambo alilolifurahia kana kwamba aliombwa ushauri, kisha bodi ya alumini, na mwishowe kiwanda kuacha kabisa kulitengeneza.

"Lakini zile springi nne za nyuma," alikuwa akimalizia, "pale ndipo watu walipofanya kazi."

Tulimsikiliza kama watu wanavyosikiliza matangazo ya kanisani.

Mwaka jana Mama aliteleza shambani akichuma maharage, akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, akaja kukaa kwangu apone. Ilipofika wakati wa kurudi kwake, daktari aliruhusu kwa sharti moja: asirushwerushwe njiani. Anayeijua barabara ya Mtae anajua sharti hilo lina uzito gani. Jirani alijitolea gari lake, lile la juu linalopanda popote. Hatukufika hata mwisho wa mji. Kwenye tuta la kwanza Mama alishika kiti kwa mikono miwili, uso ukambadilika, akaomba arudishwe.

Tangu siku hiyo akaanza kuacha chakula. Alikaa dirishani akitazama upande wa Magamba, inakopita njia ya kwenda kwake, sahani ikipoa pembeni yake. "Kwako ni pazuri," aliniambia. "Ila si kwangu." Alipungua mpaka kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili. Niliogopa. Nilimpigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba. Zile springi nne bado zinafanya kazi?"

"Marahaba. Zinafanya. Kwa nini?"

"Ni Mama."

"Niache kwanza nilikague," akasema.

Tuliondoka asubuhi ya kiangazi, Mama kiti cha nyuma na mto wake, mimi pembeni yake. Tulikuwa tayari tumefanya kosa letu la siku zote, la kujaza mizigo. Kwetu mgonjwa aliyepona harudi nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo majirani walileta viazi, kabichi na plamu. Familia ya Kiislamu ya nyumba ya pili ilileta gunia la mchele. Mwingine alikuja na jibini na jamu kutoka shamba la Irente. Mjomba aliitazama buti ikijaa, akaitazama tairi ya nyuma, akashukuru kila mmoja. Zawadi ya namna hiyo hairudishwi.

Lami iliisha. Nilikuwa namtazama Mama usoni, nikisubiri maumivu yajitokeze. Mjomba naye alimtazama kwenye kioo.

"Umelala, dada?"

"Sijalala. Nasubiri mashimo."

"Tumeshapita mengi."

"Basi hayakunipigia hodi."

Mbele ya Malindi, kijiji cha njiani, kwenye mteremko wenye mawe, tumbo la gari liligonga jiwe. Mjomba alizima injini, akashuka, akapiga magoti akachungulia. Hakuna kilichovuja. Akapangusa mikono.

"Tumelijaza mno. Hili lilitengenezwa kubeba watu na masanduku yao. Hawakufikiria gulio."

Mama akajibu kutoka ndani, "Si nilisema ni ng'ombe? Mzigo ni kazi ya punda."

Kundi la wanawake lilikuwa likitoka shambani. Walisimama kusalimia, wakachungulia, na mmoja wao, aliyewahi kuimba kwaya na Mama, akamtambua. Sikuhitaji kueleza mengi. Mizigo ilitoka kwenye buti ikapanda vichwani. Wengine walitangulia na majembe wakisogeza mawe, na gari likafuata mwendo wao, taratibu, likiwa limeinuka tena. Penye mteremko mbaya walishika boneti kulizuia, na mjomba, ambaye huwafukuza hata kuku wasilikaribie, akawaacha walishike.

Ninawashukuru wanawake wale kila ninapoikumbuka siku hiyo. Ninawashukuru pia watu nisiowajua, waliokaa kwenye meza zao huko Uingereza wakihangaika na springi na mipira, bila kujua kuwa kuna mahali panaitwa Mtae.

Tulifika jua likiwa bado juu. Wawili walimshika Mama, akatoka polepole, akasimama kwa mkongojo kwenye mlango wake. Tukamkalisha kibarazani. Viazi vya zawadi vilichemshwa hapohapo na maharage, akapewa sahani. Aliishika mapajani, akalitazama gari lililojaa vumbi.

"Hivi, mdogo wangu, hili ni la ngapi?"

Mjomba alifikiri anataniwa. "La tatu, dada."

"Na la kwanza lilikuwaje?"

Akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akaanza mwanzo kabisa, kwenye zile springi. Mama alikuwa anatafuna na kuitikia. Mjomba alipofika kwenye taa za pembe nne, sahani ilikuwa tupu, na Mama alinipungia nimwongeze.