Likizo ya Wafula Haikuwa Mombasa

Nakumbuka siku moja, nikiwa kidato cha pili hapa Kitale, nilimwona kijana mkubwa akikunja blanketi lake ahame shule kwa sababu ya Kiingereza nilichomfundisha mimi. Mwanangu, usinune nikikuita mwanangu. Mimi niko kidato cha nne, nina ndevu nne zilizokuja zenyewe, na wewe wa kidato cha kwanza umeambiwa jana umfundishe mwenzako kueleza likizo yake kwa Kiingereza. Kwa hilo mimi ni mzee wako. Keti.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Madam Nekesa, mtu wa Bungoma, ana mtindo wake. Tukifungua shule baada ya likizo ya Agosti, anayejiweza anapewa asiyejiweza. Wanakaa dawati moja wiki nzima, halafu Ijumaa yule asiyejiweza anasimama mbele aseme alifanya nini likizo, na alipendelea nini kuliko nini. Mimi nilipewa Wafula wa Misikhu, mpole sana, ambaye ukimsemesha Kiingereza alikujibu kwa kutikisa kichwa.

Sasa, unajua vile tuko. Ukimuuliza mtu wa darasa letu habari za likizo kwa Kiswahili, alikuwa akichunga ng'ombe. Ukimuuliza kwa Kiingereza, alikuwa Mombasa. Wote. Kama ingekuwa kweli, pwani ingejaa sweta za shule yetu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefika huko mara mbili, kwenye insha. Kwa hivyo sikujisumbua kumuuliza Wafula chochote. Nilimwandikia sentensi kumi: aliogelea, alipanda ngamia, alipendelea samaki kuliko nyama. Na kwa vile mkono wangu haujui kutulia, nikaongeza ya kumi na moja, ati alicheza na papa.

Ijumaa akazimwaga zote bila kukwama. Nilikuwa nimeshaanza kujipongeza. Ndipo Madam akamuuliza, kwa upole tu, maji ya bahari yana ladha gani. Hiyo haikuwa kwenye karatasi. Wafula alinitazama mimi, halafu akajibu kwamba ni matamu, na kwamba alikunywa mpaka akashiba.

Watu walicheka mpaka darasa la jirani likaja dirishani. Mimi nilicheka kuliko wote, na hapo ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Kufikia jioni walishambatiza Papa. Jumapili ndiyo nikamkuta na lile blanketi, akisema anarudi shule ya kutwa karibu na kwao.

"Wewe ni mwalimu gani, bana?" aliniuliza bila kuinua kichwa. "Umenipeleka Mombasa ukaniacha huko peke yangu."

Mzaha wote ulinitoka. Nilikimbia kwa Madam nikidhani ataenda kumbembeleza. Hakuinuka. Aliniuliza kama nimewahi kuiona bahari. Nikasema bado.

"Nilikwambia umfundishe kusema likizo yake," akasema. "Ulimuuliza ilikuwaje?"

"Hapana, Madam."

"Basi hukumfundisha. Ulimkopesha uongo wako, na aliyechekwa kwa ajili yake ni nani? Nenda umuulize. Akienda, ajue angalau mtu mmoja alimuuliza."

Nikarudi bwenini, nikaketi juu ya sanduku lake ili asilibebe, nikamuuliza. Akaanza kusimulia, na mimi mtoto wa wakulima wa hapa Kitale, ambaye kwetu tohara ni hospitali na soda, nikabaki mdomo wazi. Agosti ile ilikuwa ya tohara kwao Wabukusu. Mdogo wake alikuwa mmoja wa watahiriwa, na wavulana hao huzunguka kwa miguu kualika jamaa, wakigonga kengele za chuma kwenye bangili za mkononi. Wafula ndiye aliyeongoza nyimbo. Huyu huyu wa kutikisa kichwa! Aliimba kutoka Misikhu mpaka Webuye, watu thelathini nyuma yake wakimwitikia.

Nikamuuliza ni wapi alipendelea. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Alisema ni kwa mjomba wa Webuye kuliko kwa shangazi wa Misikhu, kwa sababu shangazi aliwapa hotuba na mjomba akawapa kuku.

Tukaifanyia kazi wiki nzima. Mimi nilimpa maneno tu; habari ilikuwa yake. Ijumaa iliyofuata aliomba mwenyewe kusimama. Kiingereza chake kilichechemea, lakini kila swali alilijibu, maana alikuwepo. Mmoja akauliza kengele ina uzito gani, mwingine kama sauti haikukauka. Alipomaliza akanigeukia mbele ya wote, akaniuliza kwa Kiingereza mimi nilifanya nini likizo.

Mombasa ilinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Nikaimeza. Nikasema nilipura maharagwe ya mama siku kumi na mbili, na napendelea kupura kuliko kupalilia, kwa sababu ukipura unapiga kitu na hakuna anayekuita mtundu. Wakacheka, lakini safari hii kicheko nilikuwa nimewapa mimi mwenyewe. Wafula hakuhama. Leo ndiye nahodha wa midahalo, na ananyamazisha watu kwa Kiingereza, mimi nikiwa wa kwanza.

Kwa hivyo mwanangu, ukipewa mtu umfundishe, funga daftari kwanza umuulize. Alienda wapi, alikula nini, nini kilimchosha, angerudi wapi kesho. Asikilizwe kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, kwa mikono. Ukishajua, tafuta Kiingereza kinachomtosha. Na akikwama mbele ya watu, usiwe wa kwanza kucheka. Mimi nilikuwa wa kwanza, na wewe unaweza kujifunza kwangu bure.

Nenda sasa, kengele imelia. Mungu akupe masikio makubwa kuliko mdomo wangu, na huyo unayemfundisha akuzidi kabla hujafika kidato cha nne.