Chupa Iliyoandikwa Poleni

Kazi yangu ni ya maabara, huku Kyambogo: unga, maziwa, asali, chochote tunacholetewa tupime. Kwa hiyo siku nilipomnunulia baba chavua ya nyuki sokoni Nakasero, nilijiona mjuzi kuliko mama aliyeniuzia. Yeye alikuwa amebandika karatasi kwenye kila chupa na kuandika kwa mkono, jinsi alivyolisikia neno la Kizungu la chavua, pollen: POLENI.

Tulikuwa wawili tu nyumbani tangu mama yangu afariki. Baba alikuwa polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Aliigeuza chupa mkononi, akacheka hadi akakohoa.

"Hii nasema poleni kwa nani? Mimi iko moja tu. Angeandika pole."

Alikuwa na presha ya miaka mingi, na vidonge vya kila asubuhi alivyovichukia kwa sababu, alisema, vilimkojoza kama ng'ombe. Mimi nilitaka tu apate nguvu kidogo, maana alikuwa amekonda. Kwa kuwa chavua huwadhuru watu wengine, nilimwekea kwanza punje moja ulimini, nikakaa nusu saa nikitazama kama midomo itavimba. Haikuvimba. Nikampa kijiko.

Wiki ile nilipeleka kiasi kidogo kazini. Sehemu moja niliichemsha kwa asidi kupima protini, nyingine nikaichoma hadi majivu kutafuta madini. Jioni nikamsomea majibu kama mwalimu wa darasa la tano: protini ipo, sukari ipo, mafuta kidogo, chuma, zinki, potasiamu. Nikamweleza kwamba punje za manjano zimetoka ua moja na za kijivu ua jingine, kwa hiyo chupa mbili hazifanani. Hata ganda la punje nilimweleza, lilivyo gumu mpaka tumbo hushindwa kulivunja lote. Alisikiliza ametega sikio, na mimi nikafurahi mno, kwani mzee wangu hakuwa na desturi ya kuuliza habari za kazi yangu. Nilitaja yote yaliyomo. Kwamba hamna dawa ya presha ndani yake sikusema, kwa sababu sikufikiri kuna mtu angehitaji kuambiwa.

Asubuhi moja nilimpelekea chai nikamkuta sakafuni, mdomo umepinda. Hospitalini daktari aliuliza anatumia dawa gani za presha, nami nikazitaja upesi, kwa majivuno ya mtu anayejua. Niliporudi nyumbani kumchukulia nguo nilizikuta pakiti zake nyuma ya redio, zimejaa. Chupa ya chavua ilikuwa imebaki kijiko kimoja.

Wodini alikuwa bado anaweza kusema kidogo. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitamgombeza, na nikamgombeza.

"Baba, vidonge umeacha lini?"

"Wewe ndio napima," alisema kwa upande mmoja wa mdomo, polepole, bila hasira. "Wewe mwenyewe nasema hii iko na kila kitu."

Nilimpangusa mate, nikamfunika miguu. Siku ya tatu akafariki.

Nina hatia, na sipendi anayenifariji kwa kuniambia sina. Niliilinda midomo yake isivimbe kwa punje moja, lakini sikufungua hata pakiti moja kuona kama anameza.

Matangani walikuja askari wenzake wa zamani, wazee wenye viatu vilivyong'arishwa. Mmoja alinikuta mlangoni nimesimama na birika, akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Poleni," akasema. "Poleni sana."

Nilitazama nyuma yangu, sebuleni, kana kwamba kuna mwingine anayeambiwa. Kisha nikamjibu ahsante, mzee, karibu ndani, kwa maana sikuweza kumwambia kwamba mimi iko moja tu.