Pacha wa Dereva

Niliporudi Ifakara safari hii, habari ya kwanza kuisikia ilikuwa ya dereva aliyekufa. Nilikuwa nimekaa kwa mama muuza chai karibu na stendi, begi liko miguuni. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wanabishana. Mmoja alidai jana alimpita mwenzake pale Kiberege, akampigia honi, na mwenzake hakumpungia hata mkono.

"Sikuwa mimi," alisema yule wa pili.

"Basi alikuwa pacha wako."

Wote waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko.

"Kama yule dereva wa basi," akadakia mama muuza chai. "Kazikwa, watu wamelia, halafu huyo tena kwenye usukani!"

"Dereva gani huyo?" nikauliza.

Mama alinitazama, akatazama na begi langu. "Kaka, wewe mgeni hapa?"

Sikumjibu vizuri. Nimezaliwa Ifakara na nimesoma hapa mpaka kidato cha nne, lakini baada ya hapo miguu yangu haikutulia. Nimekaa Kahama, Tunduma, nikaenda mpaka Mtwara kwenye korosho. Kila ninaporudi nakuta kitu ambacho kila mtu anakijua isipokuwa mimi. Safari moja nilifika Kivukoni nikawa natafuta pantoni, na daraja liko mbele ya macho yangu. Safari hii, nikajiambia, ni ajali. Njia ya kupanda Mahenge ina makona mabaya. Nilimhurumia yule dereva, na huyo pacha wake aliyeachiwa basi.

Dada yangu mkubwa nilimkuta uani anageuza mpunga kwenye turubai.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Poleni na msiba wa dereva."

"Dereva yupi?"

"Yule wa basi. Mwenye pacha."

Alicheka mpaka akaushika ukuta. Halafu kicheko kikakatika ghafla, akajifuta macho kwa pindo la kanga. "Huyo dereva ni wa shemeji yako," alisema. "Ingia ndani, nitakuonyesha."

Shemeji, mume wa dada, alikuwa na banda la video, kibanda umiza, nyuma ya soko. Alikuwa dijei: alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, akatafsiri kwa Kiswahili maneno ya wazungu na Wachina, sauti za kiume na za kike zote zake mwenyewe. Dada alikuwa anakaa mlangoni na beseni la maandazi, akipokea viingilio. Watu walimwita mama wa mlango. Shemeji alifariki miaka kadhaa iliyopita, mimi nikiwa Tunduma, na nilifika mazishi yakiwa yamekwisha. Hayo niliyajua. Habari za basi sikuzijua.

Dada alitoa diski kutoka chini ya mto, akaziweka kwenye deki moja baada ya nyingine. Ilikuwa tamthilia ya nchi ya baridi, yenye mji mdogo mlimani, theluji kila mahali, na basi moja bovu. Kila kipande, abiria fulani anapanda basi hilo na hashuki, na kesho yake mji mzima hautaki hata kulitaja jina lake. Lugha yenyewe sikuwahi kuisikia popote. Chini yalipita maandishi ya Kiingereza, na juu yake ilipita sauti ya shemeji, nene, yenye mafua kidogo, kama nilivyoikumbuka.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Maandishi yalisema mwanamke anamwuliza dereva kama ameona mtoto wake. Shemeji akasema mwanamke anauliza kwa nini nauli imepanda. Maandishi yalisema daktari ana wasiwasi, na shemeji akasema daktari ni Msukuma aliyepoteza ng'ombe. Kisha, kipande cha tatu, basi likaanguka bondeni na dereva akazikwa, tukaona jeneza kabisa. Kipande cha nne, dereva yule yule, koti lile lile, anapangusa kioo cha basi.

"Si amekufa huyu?"

"Ni pacha wake," alisema dada bila kugeuza kichwa.

"Maandishi hayasemi pacha."

"Maandishi hayajui." Akacheka kidogo. "Hata shemeji yako hakujua. Mchuuzi alimletea diski hazina namba, mwanzo wote umekatwa. Aliposhtuka dereva yuko hai, banda zima linapiga kelele, dijei umetulisha matango pori! Akawaambia, tulieni, mmesahau kwamba mama yake alizaa wawili? Watu wakatulia. Wengine wakasema ndiyo, walimwona mama huyo kwenye kipande cha kwanza."

Kesho yake nilikaa na simu nikatafuta tamthilia hiyo. Niliipata kwa shida, kwa kueleza basi na theluji. Kumbe huko duniani wapo watu wanaoipenda kupita kiasi. Wameandika kurasa na kurasa, wanasema hakuna iliyowahi kuifikia, wanalaumu kwamba ilikatizwa baada ya vipande vichache kwa kukosa watazamaji, na kwamba hakuna atakayejua basi lile lilikuwa linakwenda wapi. Wengine wamesafiri mpaka mji huo mlimani kupiga picha kwenye kituo. Nilisoma na mpangilio wake. Mazishi ya dereva ndicho kipande cha mwisho. Vyote tulivyoviita vya pacha vilitangulia.

Nilimwendea dada na simu mkononi. Sijui nilitaka anipongeze au nini. Nilimweleza kwamba hakuna pacha, kwamba Ifakara nzima imeitazama kichwa chini miguu juu.

Alinisikiliza huku anapepeta. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kama una nguvu za kutafuta, nitafutie kipande changu."

Ndipo akaniambia. Kipande kimoja hakimo kwenye diski zake, kile ambacho shemeji alikionyesha mwisho kabisa. Msimu ule mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, naye alikuwa amehamia shamba kama wanavyofanya wengi hapa, analala kwenye kibanda cha nyasi ng'ambo ya mto, anafukuza ndege kutwa. Shemeji alikuwa hasimulii tamthilia nyumbani hata ukimbembeleza. Dada alivisikia vipande vyote akiwa mlangoni, isipokuwa hicho. Aliporudi na magunia akamkuta mumewe amelazwa. "Tukaongea habari za mpunga na dawa. Nani angekumbuka kuuliza habari za basi? Nataka kumsikia anavyoimaliza. Basi, hicho tu."

Diski yenyewe iliharibika siku nyingi, lakini alisikia kwamba mvuvi mmoja wa Lupiro, mteja wa banda, alikuwa anarekodi kwa simu. Nilipanda bodaboda, tukavuka daraja. Mvuvi nilimkuta anashona nyavu kwenye kivuli cha nyumba yake. Nilijitambulisha kuwa shemeji wa dijei.

"Dijei!" Akaitupa sindano. "Yule bwana ana deni langu mpaka kaburini."

"Deni gani?"

"Nenda ukasikilize mwenyewe. Sisi wa Lupiro tunasubiri mpaka leo." Akaingia ndani, akarudi na memori kadi aliyoifunga kwenye kipande cha nailoni. Tuliihamishia kwenye simu yangu. Hakutaka nimlipe, ila alimtumia dada salamu nyingi, na kambale mmoja mkavu.

Tuliitazama alasiri, mimi na dada, kwenye mkeka kando ya turubai la mpunga, huku tukirusha makapi kuwafukuza kuku. Picha ilitetemeka, na vichwa vya watu vilikuwa mbele. Ilisikika kila kitu: watu wanakohoa, wanachekana, mmoja anaambiwa avue kofia. Dada akawa anawatambua kwa sauti. "Huyo muuza mkaa. Huyo amehamia Malinyi."

Basi likaingia mjini tupu. Nilikijua kipande hicho kutokana na nilivyosoma: ndicho cha kwanza kabisa, ndipo tamthilia inapoanzia. Dereva akashuka, akaingia kwenye nyumba yenye moshi. Mwanamke akamwekea bakuli la supu. Akafungua mdomo kusema, na shemeji hakutafsiri.

"Dijei, umelala?" sauti ikauliza bandani.

"Dijei, tafsiri!"

Ikasikika maikrofoni inakwaruza. "Jamani, haya wanayosema hawa wawili ndiyo mwisho wenyewe," ilisema sauti ya shemeji. "Na mama wa mlango hajausikia. Yuko shamba na ndege. Akirudi nitaipiga upya, bure, mje wote."

"Aaa, dijei, mambo ya mke yanatuhusu nini?"

"Mtasubiri. Kwani yeye hakuwasubiri nyie mlipokuwa mnatafuta chenji mlangoni?"

Wakacheka, wakazomea, mtu akapiga mluzi. Kwenye picha wale wawili wakaendelea kuzungumza kwa lugha yao mpaka giza likaingia dirishani mwao, na ikaisha.

Kuku wawili walipanda kwenye mpunga na dada hakuwafukuza.

"Kwa hiyo hakuna anayejua," alisema. "Hata hao waliokuwepo."

"Hakuna."

"Wewe ulisoma. Rudisha. Wanasema nini?"

Nilirudisha. Maandishi yalionekana kwa shida. Mara ya kwanza nilisema kwa sauti ya kawaida, dada akanikemea: "Sema kama dijei." Basi nikasema kama dijei, mtu mzima nina mvi, nikabana pua niwe mwanamke.

"Anamwambia: kula. Sijawahi kukuona. Wewe ni nani?"

"Ehee," alisema dada. "Hamjui, kwa sababu huyu ni pacha. Endelea."

"Anamjibu: mimi ndiye dereva mpya."

"Unaona!"

"Anamwuliza, yule wa zamani yuko wapi. Anasema hajui, amekuta ufunguo tu."

Sikuwa nimegeuza hata neno moja. Nilisimamisha picha nikaisoma tena, nikawaza mazishi, nikawaza kurasa zote nilizosoma, na kila nilipojaribu kuvipanga vile vipande upya kichwani vilikataa kukaa. Nilitaka kumweleza dada kwamba huu ni mwanzo. Nilishindwa kujua ningeanzia wapi.

"Ngoja kwanza," nilisema. "Nadhani nimepotea."

"Hujapotea. Rudisha nyuma."

"Kwenye supu?"

"Baada ya supu kidogo. Pale shemeji yako anapoongea na watu."

Nikampa simu. Aliiinamisha kioo chini, akaiweka sikioni kama mtu aliyepigiwa, na kwa mkono mwingine akaokota kigongo akawafukuza wale kuku.