Skwea ya Kaka Hamisi

Bado kichwa kinakataa, Kaka Hamisi. Jumamosi tumekuzika Chamazi, Jumapili nikakutumia ujumbe kuuliza kama lile wingu letu tulipime leo au kesho.

Kwa msiomjua, Hamisi alikuwa mwenzangu wa kazi. Tulikuwa tunapokea data za darubini za redio za ng'ambo, tunapima nguvu ya sumaku kwenye mawingu ya gesi yanakozaliwa nyota.

Molekuli za humo hutoa mawimbi ya redio, na kwenye grafu tunayaona kama mstari. Penye sumaku, mstari unagawanyika kuwa miwili. Mwanya wenyewe mdogo, ukipiga chafya umeupoteza.

Baba yake ni seremala wa Keko. Ofisini wote tulijua, maana hakuacha kutusimulia.

Mwaka wangu wa kwanza nikapima wingu moja, nikapata sumaku kubwa ajabu. Sikungoja mtu. Nikawaandikia wenzetu wote wa ng'ambo, nikampigia simu mpaka mama yangu kule Buguruni.

Hamisi akaiangalia grafu, akaniambia, "Dada, skwea hujaigeuza."

Akanipeleka Keko. Mzee wake akachora mstari kwenye ubao kwa skwea, kile kipimo cha mafundi cha pembe mraba, akaigeuza, akachora tena palepale. Mistari haikulaliana. Skwea ilikuwa imepinda. Mafundi wanaipima hivyo kabla ya kuiamini.

Tukarudi, tukaangalia molekuli isiyojali sumaku kabisa. Nayo mstari wake ulikuwa umegawanyika! Kilichopinda ni chombo, wingu halikuwa na kosa.

Nililia. Nikaandika barua ya kuacha kazi.

Hamisi akaichukua ile barua, akaandika email kwa wote: "Tumekosea, tunarekebisha." Jina lake akaliweka la kwanza, langu likafuata. Na kazi ile hakuwa amegusa hata namba moja.

Nipo kwenye fani hii kwa sababu ya email ile. Sikuwahi kukushukuru sawasawa, kaka. Nilikuwa naona aibu kuikumbusha.

Ujumbe wangu wa Jumapili hukuujibu, basi leo asubuhi nimepima mwenyewe. Skwea nimeigeuza kwanza. Molekuli ya kujaribia, mstari wake umebaki mmoja. Wa wingu letu umegawanyika. Nimerudia mara tatu.

Safari hii sumaku ni ya kweli, kaka.

Sasa hivi nawaandikia wote: "Tumepata." Jina lako ni la kwanza.

Asante. Lala salama, fundi wangu.