Birika Lililonipa Kivuko

Watu wa Kindu wanaokunywa chai leo wanadhani ni kitu chepesi. Mimi nawaambia, kabla yangu hapakuwa na muntu wa bara hapa aliyejua kuipika. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilipata herufi tu, za kutosha kuandika haya. Lakini chai naijua kuliko wale waliozaliwa nayo.

Majani yale yalitoka China, yakafika Unguja ndani ya makasha, kisha yakaja juu ya vichwa vya wapagazi mpaka Maniema. Mupagazi akianguka njiani, kasha lilichukuliwa, yeye aliachwa. Njo maana bwana wangu, Mwarabu mwenye pembe nyingi za ndovu, alisema kila kikombe kimekwisha kula muntu. Mimi nilikamatwa katika nchi ya Kama ningali mutoto, nikatiwa jikoni mwake. Chai ikiwa nyepesi alinimwagia miguuni. Ngozi ilitoka, akili ikaingia.

Basi sikia. Maji ya muto usiguse, yana tope. Teka kijito cha porini kabla watu hawajafua. Birika lisionje mafuta ya mawese hata siku moja, maana yataelea juu ya chai na mugeni atadhani umemutilia dawa. Maji yatokote kabisa, yaepue, njo utie majani. Usiyachemshe kama sombe, yale majani ya muhogo. Yakichemka yanakuwa machungu, hayanyweki. Funika na kitambaa, ngoja mpaka harufu ikufuate yenyewe. Tangawizi kidogo. Sukari ikikosekana, asali.

Katika nyumba ya bwana tulikuwa wawili wa kuaminiwa, mimi na mwenzangu wa Kibombo. Yeye alikuwa na mabega, na wapiga kafi walimupenda. Mimi nilikuwa na kichwa. Bwana alipotaka kushuka muto kutafuta pembe, alihitaji nyampara wa kushika kivuko cha Alunguli. Atakayekipata angeachwa huru, tena angepewa bunduki. Atakayekikosa angepiga kafi kwenda na bwana, na wengi waliokwenda kule hawakuonekana tena. Bwana akasema atakunywa chai kwa kila mumoja wetu, pamoja na wageni wake wa pwani, kwa sababu nyampara njo atakayepokea waungwana.

Mwenzangu hakuwahi kushika birika. Alikuja kwangu, akakaa chini kabisa, akaniomba nimufundishe. Muke wake alikuwa na mimba, na hakutaka kumuacha. Nikamufundisha maji, birika, kitambaa, vyote bila uongo. Mwisho akauliza:

"Ndugu, nani anakunywa mbele?"

"Kwenu, tembo ya mawese anaionja nani mbele?"

"Mwenye nyumba. Mugeni aone haina sumu."

"Na wewe si njo mwenye nyumba?"

Akanishukuru.

Siku ile chai yake ilikuwa nzuri, sikatai, harufu yake ilinitia wivu. Akamimina kikombe cha bwana, akakiinua mbele ya watu wa pwani, akanywa funda refu, kisha akakitoa kwa mikono miwili, anacheka. Kwa waungwana, mutumwa kutia mudomo katika kikombe cha bwana wake ni tusi. Wageni wakageuza nyuso. Mumoja akauliza kwa upole kama huku bara mabwana wanakunywa makombo ya watumwa. Bwana hakupiga kelele. Alipokea kikombe, akamumwagia mwenzangu usoni, akakivunja juu ya jiwe.

Nami nikaleta changu, macho chini, mudomo umefungwa. Bwana alikunywa, akaomba tena.

Asubuhi ya safari mwenzangu alikuwa katika mutumbwi wa mbele, kamba kiunoni, uso umevimba, jicho moja halifunguki. Nilisimama ufukoni na bunduki yangu. Muke wake alikuwa amekaa kwenye matope, hana sauti tena. Mwenzangu akanitafuta kwa lile jicho lililobaki.

"Ndugu, ulijua?"

"Nilijua. Piga kafi."

Akapiga. Mutumbwi ukakata maji, nikageuka kuangalia kivuko changu. Wanawake wa Alunguli walikuwa wamesimama na mizigo vichwani, wanangoja niwape ruhusa ya kuvuka. Nikawaacha wangoje.